Niliondoka chuoni bila kuaga. Je, mlango bado uko wazi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Busia upande wa Uganda. Agosti 2019 nilianza shahada ya ualimu ya miaka mitatu katika chuo kimoja cha umma. Korona ilitukuta mwaka wa kwanza, tukakaa nyumbani, tukarudi, tukafungiwa tena. Nilipomaliza mwaka wa pili, 2022, baba yangu akafariki. Ada ikakosekana, nikarudi kumsaidia mama kuuza mukene, yaani dagaa, sokoni, na chuoni sikumwambia mtu. Sasa imetimia miaka miwili. Juzi nimefungua mfumo wa chuo kwa simu nikakuta masomo mawili nimefeli, na moja halina alama kabisa, wakati mtihani wake niliufanya na nakumbuka hata dirisha nililokaa karibu nalo. Wenzangu wameshavaa majoho. Mjomba anasema niachane na chuo, atanifungulia duka. Rafiki yangu anasema niingie upya kwa mtihani wa watu wazima. Nimechelewa mno? — Binti wa mpakani

Jibu: Binti yangu, kwanza pole kwa baba. Umemtaja kwa sentensi moja ukapita mbio kama mtu anayeogopa kusimama hapo. Nitamrudia baadaye.

Hujachelewa mno. Lakini hesabu yako ni ya kubana, na kinachoibana zaidi hukukitilia mkazo kwenye barua yako. Umeeleza ada, umeeleza karatasi ulizofeli, umeeleza alama iliyopotea. Mimi kilichonishtua ni yale maneno "sikumwambia mtu". Nimekaa dawati la usajili miaka 19 kabla ya kustaafu, na wanafunzi niliowaona wakishindwa kurudi walikuwa wachache kwa sababu ya ada, wachache kwa sababu ya kufeli, na wengi kwa sababu waliondoka kimya. Kwenye faili, aliyeandika barua ameahirisha masomo. Asiyeandika ameacha mwenyewe. Wote wawili walikuwa nyumbani wakiuza samaki, wote wawili walifiwa, ila mmoja ana karatasi na mwingine hana.

Kule Makerere, kwa mfano, kanuni inamruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo mara mbili katika programu nzima, na kila mara isizidi mwaka mmoja wa masomo. Wanafunzi wenyewe huuita mwaka uliokufa, jina baya kwa kitu ambacho kimeokoa shahada nyingi. Juu ya hapo kuna ukuta wa mwisho: programu isizidi muda wake wa kawaida kwa zaidi ya miaka 2. Vyuo vingine vina kanuni za jamaa hiyohiyo, nawe utafute kitabu cha mwanafunzi cha chuo chako, kile ulichopewa wiki ya kwanza ukakitia chini ya godoro.

Sasa tuhesabu pamoja. Shahada ya miaka 3 uliyoanza Agosti 2019, ukiongeza 2, ukuta uko Agosti 2024 kwa hesabu kavu. Ndiyo maana nasema inabana. Lakini hesabu kavu siyo hesabu ya haki, na hapa ndipo penye hoja yako. Vyuo vyote nchini vilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Waliokuwa mwaka wa mwisho walirudishwa Oktoba mwaka huo, ninyi wa chini mkaja nyuma yao kwa zamu. Juni 2021 vikafungwa tena, hadi Novemba 1. Ingawa vyuo kadhaa viliendelea kwa intaneti, mwanafunzi aliyeanza 2019 alipoteza zaidi ya mwaka mzima ambao hakuuomba. Kalenda za vyuo zilisukumwa mbele kwa wote, na ndiyo sababu wewe mwenyewe ulimaliza mwaka wa pili 2022, wakati ungepaswa kuumaliza katikati ya 2021. Kwenye barua yako liseme hilo waziwazi: unaomba miezi ya kufungwa isihesabiwe kwako. Usidhani karani atakukumbuka na kukutolea mwenyewe. Hatakutolea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni barua, na iandikwe wiki hii. Iandike kwa Kiingereza maana ndicho faili linachosoma. Iende kwa Msajili wa Taaluma, kupitia kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo chako. Hilo neno "kupitia" ni la kweli: barua inayomrukia mkuu wa idara hurudishwa kwake na unapoteza wiki tatu. Isizidi ukurasa mmoja. Namba yako ya usajili iwe juu kabisa, kabla hata ya kichwa cha barua. Kisha useme ulisimama lini na kwa nini, useme kwamba hukuomba ruhusa wakati ule na unaomba radhi kwa hilo (sentensi moja, usijipige kifua), uombe kuahirisha kwako kutambuliwe kwa tarehe za nyuma, na useme unataka kurudi muhula upi. Basi. Habari za mama na mukene ziache nje. Zinanigusa mimi, lakini kamati inayosoma barua arobaini mchana mmoja inatafuta tarehe na ushahidi.

Ushahidi wako ni cheti cha kifo cha baba. Kama hamkukichukua, NIRA, mamlaka ya taifa ya usajili wa watu na vitambulisho, wanakitoa, na mahali pa kuanzia ni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akuandikie barua yenye muhuri. Familia nyingi haziendi kuchukua cheti hiki mpaka kiwanja au pesa za benki ziwalazimishe. Chukua. Utakihitaji kwa mengine pia.

Peleka barua mkononi kama nauli inaruhusu. Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.

Sasa ile alama iliyopotea. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wanafunzi hulia kwamba mhadhiri ana chuki nao, na mara nyingi mhadhiri hata hakumbuki sura zao.

Fuata safari ya kijitabu chako cha majibu. Umeingia ukumbini, umesaini orodha ya waliohudhuria, umeandika namba ya usajili juu ya kijitabu. Msimamizi amekusanya vijitabu, amehesabu, amelinganisha na sahihi, amemkabidhi mhadhiri. Mhadhiri amesahihisha, akaongeza alama za kazi za darasani, kwa kawaida 30 au 40 kati ya 100. Jumla ikaingizwa kwenye mfumo, ikapita idarani, ikapita kitivoni, ndipo matokeo yakawa rasmi. Hizo ni hatua kama sita, na alama yako imekwama kwenye mojawapo. Kazi yako ni kujua ni ipi.

Mara nyingi inakwama mwanzoni au mwishoni. Mwanzoni: wewe mwenyewe ulikosea tarakimu moja ya namba ya usajili, au muhula ule hukuwa umesajiliwa rasmi kwa somo hilo kwa sababu ada haikuwa imefika kiwango, kwa hiyo mfumo haukuwa na safu ya jina lako ya kupokea alama. Mwishoni: mhadhiri alikuwa wa muda, mkataba ukaisha, akaondoka na orodha kwenye kompyuta yake. Katikati pia panatokea vituko. Katika chuo nilichofanya kazi tuliwahi kutafuta kijitabu cha kijana mmoja muhula mzima. Kilikuja kupatikana ndani ya boksi la sabuni chini ya benchi la maabara, kimechanganyika na vijitabu vya darasa la jioni, kwa sababu aliandika 18 mahali pa 19 kwenye namba yake. Alama zilikuwa 71. Kijana alishaanza kurudia somo hilo.

Kwa hiyo usiende idarani ukisema "mmenipotezea alama". Nenda na tarehe ya mtihani, jina la somo na msimbo wake, jina la mhadhiri, kadi ya mtihani ya muhula ule kama unayo, na kazi za darasani zilizosahihishwa. Kisha uliza swali moja: naomba kuona orodha ya mahudhurio ya siku hiyo. Sahihi yako ikiwepo, mzigo wa kutafuta unahamia kwao. Isipokuwepo, utajua mapema na hutapigana vita ambavyo huwezi kushinda. Ile kumbukumbu ya dirisha ni nzuri, lakini ofisini haina nguvu.

Na uwape muda wenye mwisho. Mimi ningewapa wiki nne, nikiwakumbusha kwa barua pepe kila Jumatatu, barua pepe fupi yenye heshima. Zikipita bila jibu, na somo hilo linafundishwa muhula huo, jiandikishe ulirudie huku madai yako yakiendelea. Inauma kurudia kitu ulichokifaulu. Nimeona pia watu waliokataa kurudia kwa sababu ya haki yao, haki wakaipata, na mahafali mawili yakawa yamepita.

Zile karatasi mbili ulizofeli hazinitishi hata kidogo. Riteki, yaani kurudia karatasi uliyofeli, ni jambo la kawaida vyuoni kwetu kuliko wahitimu wanavyokubali kusema harusini. Kwa mizani yetu ya pointi 5, daraja la pili la chini linaanzia 2.80, na masomo mawili kati ya zaidi ya thelathini hayakuzuii kulifikia. Jihadhari na mambo mawili tu. La kwanza, vyuo vingi havikubali ufeli karatasi ileile mara tatu. Ya tatu inakutoa. La pili ndilo linalowakamata watu: karatasi hurudiwa katika muhula ambao somo lake linafundishwa. Angalia hizo mbili ni za muhula wa Agosti au wa Januari. Zikiwa za Agosti nawe ukarudi Januari, utangoja mwaka mzima kwa ajili ya karatasi mbili. Hilo peke yake linatosha kukuamulia urudi lini.

Na kuna jambo hukulisema. Wanafunzi wa ualimu hufanya mazoezi ya kufundisha wakati wa mapumziko ya katikati ya mwaka. Ulimaliza mwaka wa pili, baba akafariki 2022. Mazoezi ya mwaka ule uliyafanya? Kama uliondoka shuleni katikati kwenda kuzika, huenda mahali pale pia pako wazi kwenye mfumo na hujapatazama. Patazame leo.

Kuhusu ada nitakuwa mfupi kwa sababu unaijua kuliko mimi. Uliza kwanza deni kamili, kwa maandishi, kabla hujaahidi chochote: kuna wanaodaiwa muhula ambao hawakusoma, eti kwa sababu jina lao lilibaki kwenye orodha, na barua ya kuahirisha ikikubaliwa deni hilo unaweza kuomba lifutwe. Uliza malipo ya awamu. Mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi, ulioanza 2014, umelenga zaidi wanaoingia mwaka wa kwanza, kwa hiyo usiuwekee tumaini lako lote. Na lipa mwenyewe, kwa namba ya malipo inayotoka kwenye akaunti yako ya chuo. Yule kijana mchangamfu aliye karibu na lango, anayejua mtu ndani ambaye anaweza kupunguza ada kwa nusu, au kuirudisha ile alama kwa laki mbili, amewala watu wengi. Risiti yake inafanana kabisa na halisi mpaka siku ya kuhakikiwa kwa mahafali.

Rafiki yako anayekushauri mtihani wa watu wazima ana nia njema. Njia hiyo ipo, inamruhusu mtu wa miaka 25 na zaidi kuingia chuo bila kutegemea matokeo ya kidato cha sita, na imewafaa maafisa, mafundi na akina mama wengi. Lakini ni mlango wa kuingilia, nawe umo ndani tayari. Ukipita hapo unaanza mwaka wa kwanza, unatupa miaka miwili uliyoilipia pamoja na baba yako. Iweke iwe akiba ya mwisho kabisa, chuo kikikuandikia kwamba umeondolewa. Na kabla ya hapo bado kuna njia ya katikati: kuhamisha masomo uliyofaulu kwenda chuo kingine kinachokubali kuyapokea. Ukifika hapo, hakikisha programu ya huko imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Mwaka 2023 kulikuwa na kelele kubwa nchini pale watu walipogundua kwamba programu nyingi zimeandikwa kwenye tovuti ya baraza kuwa muda wake umekwisha, na wahitimu waliotaka kusoma nje wakaulizwa maswali. Kutazama orodha hiyo ni dakika kumi.

Mjomba. Mjomba usimkasirikie. Amewaona wenye shahada wakiendesha boda pale mpakani na anaona dada yake amebaki peke yake na vikapu vya samaki. Anasema kwa upendo na kwa hesabu anayoijua. Ila kuna habari huenda haijamfikia: Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka mwalimu wa ngazi yoyote, hata chekechea, awe na shahada ya kwanza. Walimu wenye cheti na diploma wamejaa kwenye programu za likizo, wanatumia Aprili na Agosti na Desemba zao darasani kutafuta karatasi ambayo wewe umebakiza theluthi moja. Mwambie hivyo, kwa adabu, mama akiwepo.

Na usilikatae duka. Nashangaa vijana wanavyodhani ni lazima uchague kimoja. Mwombe mjomba akupe duka hilo kwa mkataba: mama analiendesha wakati wa muhula, wewe wakati wa likizo, faida ya kwanza inakwenda kwenye ada. Mzee akiona hesabu imeandikwa daftarini, sauti yake hubadilika. Kama chuo chako kina programu ya likizo au ya masafa kwa shahada hiyohiyo, uliza pia kama unaweza kuhamia huko bila kupoteza masomo yako. Wapo wanaokubali, hasa kwa mwaka wa mwisho.

Kuna hali moja ambapo ningekubaliana na mjomba moja kwa moja, na uijibu peke yako usiku: kama kufundisha hukukupenda tangu mwanzo. Kama uliingia ualimu kwa sababu ndiyo kozi iliyobaki kwenye orodha, na ukiwa mbele ya darasa ulikuwa unahesabu dakika, basi miaka miwili ya kuwa nyumbani imekupa nafasi ya kufikiri ambayo wengi hawaipati. Lakini nilivyoisoma barua yako, nimeona mtu anayekumbuka dirisha.

Nirudi kwa baba. Ulifiwa, ukafunga mkoba, ukaingia sokoni, na tangu siku hiyo unajiona mvivu aliyeacha shule. Mtu aliyefiwa na kuibeba nyumba kwa miaka miwili simwiti mvivu. Usipolitenganisha hilo, utarudi darasani na utashangaa kwa nini unakaa mbele ya kitabu saa tatu bila kugeuza ukurasa. Vyuo vya umma vina ofisi ya ushauri nasaha, haitozi, na haiandiki chochote kwenye transkripti yako. Nenda hata mara mbili. Nilimpeleka pale mvulana mmoja mwenye mwili wa mcheza raga, akanung'unika njia nzima kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, akatoka baada ya saa nzima macho mekundu akaniuliza kama kesho wanafungua saa ngapi.

Wenzako waliovaa majoho nao, ukiwachunguza, si wote waliofika kwa mstari ulionyooka. Makerere ilifungwa Novemba 2016 kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri na ikafunguliwa mwanzoni mwa Januari 2017, na waliokuwa pale wana hadithi zao. Mimi mwenyewe nilipata shahada yangu nikiwa na miaka 31, nyuma ya mdogo wangu wa kike. Mama alitundika picha zake mbili ukutani na akaacha msumari mtupu katikati yake, hakusema kitu, na msumari ule ulinitazama kila nilipokula.

Ukienda chuoni, usiende Jumatatu wala wiki ya usajili. Watu wamejaa na makarani wamechoka. Nenda Jumatano, ufike kabla ya saa tatu, na kalamu yako mwenyewe. Anza idarani na ile orodha ya mahudhurio, kisha ndipo upande ghorofa ya msajili na barua. Idara wakikujibu, niandikie jibu lao lilivyo, hata kama ni hapana, tuone limetokana na kanuni ipi.